Louis Leakey: Mzawa wa Kabete aliyeaibishwa na Kanam, akainuliwa na Rusinga

KWENYE ua wa Makavazi ya Kitaifa jijini Nairobi pana sanamu ya mzee mmoja aliyeketi, zana ya jiwe mkononi, kana kwamba bado anaichunguza. Wanafunzi wanaoletwa hapo kwa mabasi ya shule hupenda kupigwa picha kando yake kabla ya kuingia ndani. Wengi hulijua jina lake, Louis Leakey, kwa kuwa wamelisoma vitabuni tangu shule ya msingi.

Wachache ndio wajuao kwamba kulikuwa na wakati ambapo jina hilo lilitiliwa shaka na wasomi wa Uingereza, milango ya vyuo ikafungwa, na mwenyewe akahesabiwa kuwa mtu aliyejimaliza akiwa bado kijana. Lililomrejeshea heshima si Bonde la Olduvai, kama wengi wanavyodhani. Ni fuvu la mnyama wa jamii ya sokwe, mdogo kuliko sokwe wa leo, aliyeishi yapata miaka milioni 18 iliyopita mahali ambapo leo ni kisiwa cha Rusinga katika Ziwa Victoria.

Ukitaka kuelewa uzito wa fuvu hilo, msomaji, huna budi kwanza kumfahamu mtu aliyelitafuta, na kosa lililomfunza namna ya kutafuta.

Mtoto wa misheni

Louis Seymour Bazett Leakey alizaliwa tarehe 7 Agosti 1903 katika misheni ya Kabete, nje kidogo ya Nairobi, wakati mji huo ulipokuwa bado mchanga. Wazazi wake, Harry na May Leakey, walikuwa wamishonari wa Kanisa la Anglikana kutoka Uingereza. Baba mtu alikuja kuwa miongoni mwa waliofanya kazi ya kuitafsiri Biblia kwa Kikuyu.

Mtoto huyo alikulia miongoni mwa wavulana wa Kikuyu. Lugha yao aliizungumza kama mwenyeji. Alicheza nao, akawinda nao, akafunzwa namna ya kumnyemelea mnyama bila kukanyaga kijiti kikavu. Aliingizwa katika rika la Mukanda pamoja na wenzake na kupewa jina la Wakaruigi. Alipofikia umri wa kijana wa kujitegemea, alijijengea nyumba yake mwenyewe, kama desturi ya wenzake ilivyotaka.

Mafunzo hayo ya utotoni hayakuwa ya bure. Mtu anayejifunza kusoma nyayo na majani yaliyopinda hujifunza pia kuona kitu kisichofanana na vingine pale kilipo. Bado akiwa mvulana, Louis alianza kuokota vipande vya mawe meusi yanayong'aa kama kioo, vilivyotapakaa mashambani na kwenye kingo za barabara. Arthur Loveridge, msimamizi wa kwanza wa makavazi madogo yaliyokuwapo Nairobi wakati huo, alimthibitishia kwamba baadhi yavyo vilikuwa zana zilizochongwa na watu wa kale. Tangu siku hiyo kijana hakuwa na shaka kuhusu kazi atakayoifanya maishani.

Mwaka wa 1922 alijiunga na Chuo Kikuu cha Cambridge. Kanuni za chuo zilimtaka mwanafunzi wa lugha ajue lugha mbili, naye akaiwasilisha Kikuyu kuwa mojawapo. Mwaka uliofuata aliumia kichwani akicheza raga, na maumivu yakamzuia kusoma. Badala ya kukaa bure alijiunga mnamo 1924 na msafara wa Makavazi ya Uingereza uliokwenda Tendaguru, kusini mwa Tanganyika, kuchimbua mifupa ya dinosau. Kiongozi wa msafara, William Cutler, alimfunza jinsi ya kuutoa mfupa mzee ardhini bila kuuvunja na jinsi ya kuufunga kwa plasta ili ustahimili safari.

Alirejea Cambridge, akahitimu mwaka wa 1926 kwa alama za juu kabisa, na bila kukawia akafunga safari ya kurudi Kenya akiongoza msafara wake wa kwanza. Alichimba Elmenteita na katika pango la Gamble karibu na Nakuru. Miongoni mwa aliofanya nao kazi alikuwa Heselon Mukiri, Mkikuyu aliyekuja kuwa mkono wake wa kuume kwa miongo kadhaa. Mwaka wa 1931 alifika Olduvai pamoja na Hans Reck, Mjerumani aliyekuwa amechimba huko kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza. Kufikia hapo alikuwa na umri wa miaka 28, na kila mtu alimtabiria makuu.

Aibu ya Kanam

Mnamo 1932 msafara wake ulikuwa Kanam, karibu na Mlima Homa, kwenye ufuo wa kusini wa ghuba ya Winam. Mmoja wa wafanyakazi wake, Juma Gitau, alipata kipande cha taya lililofanana na la mwanadamu. Katika eneo jirani la Kanjera yalipatikana pia mabaki ya mafuvu.

Leakey alishawishika kwamba taya hilo lilikuwa la mwanadamu wa kale kupindukia, babu halisi wa watu wa leo. Alilipeleka Uingereza, na mwezi Machi 1933 wataalamu walikutana Cambridge kuyajadili mabaki hayo. Wengi walimuunga mkono. Kijana kutoka Kabete alikuwa amewaziba midomo wazee wa taaluma, au ndivyo ilivyoelekea.

Hata hivyo, mwanajiolojia mmoja, Profesa Percy Boswell, hakuridhika. Swali lake lilikuwa rahisi: mfupa huo ulitoka kwenye tabaka gani la udongo? Umri wa mfupa hujulikana kwa kuutazama mwamba uliouficha. Mfupa wa juzi ukiporomoka kutoka juu ya kilima na kutua kwenye udongo wa kale, asiyejua huuhesabu kuwa wa kale.

Leakey alimwalika aje ajionee. Boswell alifika Januari 1935, na hapo mambo yakaharibika. Vigingi vya chuma ambavyo Leakey alikuwa amevikita kuonyesha mahali pa uvumbuzi havikuwapo tena. Wenyeji waliviona ni chuma kizuri, wakaving'oa na kuvitumia kwa shughuli zao za uvuvi. Mvua nazo zilikuwa zimebadilisha sura ya ardhi. Picha ambazo Leakey alizipiga mwenyewe ziliharibika, na ile aliyoionyesha London ikabainika kuwa ya mahali pengine.

Boswell alirudi Uingereza na kuyaandika yote katika jarida la kisayansi la Nature, mbele ya macho ya ulimwengu wa wasomi. Hakudai kwamba Leakey ni mwongo. Alisema tu kwamba mahali pa mfupa hapajulikani, kwa hiyo hakuna linaloweza kusemwa juu ya umri wake. Kwa mtafiti, hukumu hiyo ilikuwa nzito kuliko tusi.

Mambo ya nyumbani yaliongeza chumvi kwenye kidonda. Leakey alikuwa amemwoa Frida Avern mwaka wa 1928, nao walijaliwa watoto wawili. Alimwacha, na ndoa ikavunjika rasmi mwaka wa 1936. Mwezi Desemba mwaka huo huo akamwoa Mary Nicol, mchoraji wa zana za mawe ambaye hakuwa na shahada yoyote ya chuo. Katika Cambridge ya siku hizo, kashfa hiyo ilitosha kumfungia njia ya ualimu.

Alirejea Kenya, na kati ya 1937 na 1939 akafanya utafiti mkubwa juu ya mila za Wakikuyu, akisaidiwa na Chifu Mkuu Koinange wa Mbiyu na wazee waliokubali kumsimulia. Kazi hiyo ndefu haikuchapwa hadi mwaka wa 1977, miaka 5 baada ya mwandishi wake kuaga dunia. Vita Vikuu vya Pili vilipozuka aliitumikia serikali katika idara ya upelelezi. Wakati huo huo alikabidhiwa usimamizi wa Makavazi ya Coryndon, ndiyo haya yanayoitwa leo Makavazi ya Kitaifa. Aliyafungua kwa watu wa rangi zote, jambo ambalo halikuwa la kawaida katika Nairobi ya walowezi.

Kisiwa cha majivu

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Leakey aliinama Rusinga.

Kabla ya barabara kukiunganisha kisiwa hicho na Mbita, kukifikia kulihitaji chombo cha majini. Watu wa Kenya wengi hukijua kwa kuwa ndiko lilikozikwa Tom Mboya. Kwa watafiti wa viumbe vya kale, Rusinga ni ghala. Mamilioni ya miaka iliyopita, kabla hata Ziwa Victoria halijakuwapo, eneo hilo lilikuwa kando ya volkano kubwa iitwayo Kisingiri. Kila ilipolipuka, majivu yake yalifunika msitu na vilivyomo. Majivu hayo yalikuwa na madini yaliyogeuza mifupa kuwa jiwe kabla haijaoza. Hayakuhifadhi mifupa pekee, kwani matunda, mbegu na hata wadudu waligeuka mawe wakiwa na maumbo yao. Visiki vya miti vilivyogunduliwa miaka ya karibuni vinathibitisha kwamba palikuwa na msitu ambao vilele vya miti yake viligusana.

Habari za sokwe wa kale wa Kenya zilianzia Koru, mashariki mwa Kisumu. Mnamo 1926 mlowezi mmoja aliona mifupa ndani ya mawe ya chokaa katika shamba lake na kuituma London. Arthur Hopwood wa Makavazi ya Uingereza aliichunguza, akaja Kenya mwenyewe mwaka wa 1931, na mwaka wa 1933 akampa mnyama huyo jina la Proconsul. Lilikuwa jina la utani kiasi. Consul lilikuwa jina maarufu la sokwe waliochezeshwa kwenye majukwaa ya burudani Ulaya, na mnyama wa Koru alidhaniwa kuwa mzazi wa mzazi wao wa kale.

Lakini kilichokuwapo kilikuwa meno na vipande vya mataya tu. Hakuna aliyejua uso wa sokwe wa enzi hizo ulikuwaje, si Afrika, si Ulaya, si Asia. Leakey aliamini kwamba uso huo umo Rusinga. Alikuwa amekizuru kisiwa hicho tangu mwanzoni mwa miaka ya 1930, na mwaka wa 1942, katikati ya vita, alipata huko taya la Proconsul lililokuwa zuri kuliko yote yaliyotangulia.

Namna yake ya kutafuta haikuwa na fumbo. Mvua za masika hukwangua miteremko na kuvumbua kilichofichika. Baada ya mvua, watafutaji hupanga mstari na kutambaa juani, macho chini, wakitofautisha jiwe na mfupa kwa rangi na mng'ao. Heselon Mukiri na wenzake walikuwa mahodari wa kazi hiyo. Safari hii, kila kilichookotwa kiliandikiwa mahali pake, kikapewa nambari ya eneo, na miamba ikachunguzwa na wanajiolojia. Kanam ilikuwa imemfunza.

Januari 1947 Leakey aliandaa jijini Nairobi kongamano la kwanza la Afrika nzima kuhusu historia ya kale. Wageni kutoka nchi nyingi walitembezwa kwenye maeneo yake ya uchimbaji. Miongoni mwao alikuwa Wilfrid Le Gros Clark wa Oxford, bingwa wa maumbile ya binadamu na sokwe, ambaye alivutiwa na mabaki ya Rusinga. Kutokana na mkutano huo zikapatikana fedha kutoka Uingereza za msafara maalumu wa kuwatafuta sokwe wa kale magharibi mwa Kenya.

Asubuhi ya Oktoba 1948

Tarehe 2 Oktoba 1948, Louis alikuwa ameshughulika na mabaki ya mamba wa kale. Mary, ambaye mamba hawakumvutia, alizunguka mteremko mwingine. Akaona vipande vya mfupa juu ya ardhi na jino likichomoza udongoni. Alimwita mumewe kwa sauti kubwa, naye akaja mbio.

Walichimba kwa brashi na ncha za vyuma vidogo, wakauchekecha udongo wote wa jirani kwa chekeche ili wasipoteze hata kipande cha ukubwa wa punje ya mtama. Kisha Mary akaketi na vipande zaidi ya 30, akaviunga kimoja baada ya kingine. Kazi ilipokamilika uso ulikuwa umerudi: mataya mawili yenye meno yake, tundu la jicho, paji lisilokuwa na tuta zito la mfupa linaloonekana kwa sokwe wa leo. Kwa mara ya kwanza katika historia, mwanadamu aliutazama uso wa sokwe wa kale kiasi hicho.

Mary alisafiri kwa ndege hadi Uingereza, kisanduku cha fuvu mapajani. Shirika la ndege lilimbeba bila malipo kwa ajili ya kujitangaza, na alipotua alikuta umati wa waandishi wa habari. Kwa mwanamke mkimya aliyependa zaidi kukaa na mawe yake, hilo lilikuwa jaribio gumu. Huko Oxford, Le Gros Clark aliupima na kuuchunguza mfupa, na mwaka wa 1951 yeye na Louis wakachapisha kazi yao ya pamoja kuhusu sokwe wa kale wa Afrika Mashariki. Hakuna aliyeuliza fuvu hilo limetoka tabaka lipi, kwa kuwa jibu lilikuwa limeandikwa tayari.

Habari hizo zilimfikia pia mfanyabiashara Charles Boise wa London, naye akatoa fedha. Kwazo akina Leakey walinunua mashua ya kuwapeleka visiwani. Boise huyo ndiye aliyeendelea kuwafadhili hadi Olduvai.

Hata hivyo fuvu lenyewe lilibaki ng'ambo. Serikali ya kikoloni ililitoa kwa Makavazi ya Uingereza kama mkopo, na miaka ilivyopita mkopo ukaanza kuonekana kama mali. Kenya huru ilipolidai, ilibidi nyaraka za zamani zitafutwe ili kuthibitisha kwamba halikuwa zawadi. Lilirejea Nairobi katika miaka ya 1980. Ni mara ya pili katika kisa hiki ambapo mfupa ulitegemea karatasi: Kanam karatasi zilikosekana, Rusinga zilikuwapo.

Sayansi nayo haikusimama. Mnyama huyo alikuwa na meno ya sokwe, lakini alitembea kwa miguu minne juu ya matawi kama tumbili. Hakuwa na mkia. Kwa hiyo anahesabiwa kuwa karibu na shina la ukoo wa sokwe wote, karibu na wakati ambapo ukoo huo ulikuwa umekwisha kuachana na ule wa tumbili. Si lazima awe babu yetu wa moja kwa moja, ila anatuonyesha babu huyo alifananaje. Mnamo 1993 wataalamu walitambua kwamba sokwe mdogo wa Rusinga si yule wa Koru, wakampa jina jipya la heseloni kwa heshima ya Heselon Mukiri. Mwaka wa 2015 aliondolewa kabisa katika kundi la Proconsul na sasa huitwa Ekembo heseloni. Basi jina la mwana wa Kabete aliyetambaa juani bila cheo cha uprofesa limeandikwa kwenye orodha ya viumbe vya dunia.

Kati ya pande mbili

Mtu aliyejua kuuweka mfupa mahali pake hakufaulu kujiweka mwenyewe. Harakati za Mau Mau zilipopamba moto na hali ya hatari kutangazwa Oktoba 1952, Leakey aliyeapa kwamba yeye ni Mkikuyu alisimama upande wa serikali. Alifasiri, alishauri, aliandika. Katika kesi ya Jomo Kenyatta na wenzake huko Kapenguria aliletwa kuwa mkalimani, lakini mawakili wa utetezi walioongozwa na D.N. Pritt walipinga, wakiona hawezi kuwa mwadilifu, naye akajiondoa.

Katika vitabu vyake viwili vya wakati huo alikiri kwamba malalamiko ya Wakikuyu kuhusu ardhi yalikuwa na msingi, huku akiyalaani mapambano yenyewe. Mwaka wa 1954 binamu yake, Gray Leakey, aliuawa na wapiganaji. Mzee Koinange, aliyemfungulia hazina ya mila, alikuwa mikononi mwa serikali ile ile ambayo Louis aliitumikia. Wapo wasiomsamehe hadi leo kwa hilo, na wana sababu. Wapo wanaosema kwamba bila yeye mengi ya mila hizo yasingeandikwa kwa ukamilifu ule. Hao nao hawakosei.

Sifa na mitego yake

Kuanzia hapo hadithi inajulikana zaidi. Tarehe 17 Julai 1959, Louis akiwa kitandani na homa, Mary alitoka peke yake Olduvai na kupata fuvu lililoitwa Zinjanthropus boisei, kwa heshima ya yule mfadhili. Umri wake, miaka milioni 1.75, ulipotangazwa mwaka wa 1961 uliushangaza ulimwengu. Mnamo 1964 Louis na wenzake wawili walitangaza Homo habilis. Afrika ikakubalika kuwa chimbuko la mwanadamu, jambo ambalo Leakey aliliamini tangu ujana wake wakati wengi walielekeza macho Asia.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwaka wa 1961 mabaki ya sokwe wa miaka milioni 14 hivi yalipatikana Fort Ternan, naye akayaita Kenyapithecus wickeri na kuyatangaza kuwa ya ukoo wa mwanadamu. Mnamo 1967 aliusogeza ukoo huo nyuma zaidi, hadi kwenye mabaki ya enzi za Rusinga. Utafiti uliofuata haukumuunga mkono. Katika uzee wake alishikilia pia kwamba mawe ya Calico, jimboni California, yalichongwa na watu wa kale mno, na hata Mary alikataa kumfuata huko.

Lakini jicho lake kwa sokwe halikuishia kwenye mifupa. Aliona kwamba mfupa hauwezi kueleza mnyama aliishije, alileaje, aligombana na nani. Akaanzisha kituo cha kuwachunguza tumbili huko Tigoni, na mwaka wa 1960 akamtuma Jane Goodall, karani wake wa zamani asiyekuwa na shahada, akaishi na sokwe wa Gombe, Tanganyika. Baadaye akawasaidia Dian Fossey kwenda kwa masokwe wa milimani katika Congo na Rwanda, na Birutė Galdikas kwenda Borneo. Wote watatu walibadilisha tulichokijua kuhusu ndugu zetu wa msituni.

Siku za mwisho

Afya yake ilidhoofika. Alisafiri mno, akihutubia na kuchangisha fedha Marekani, ilhali moyo wake ulikuwa umeshatoa onyo. Mwanawe Richard, aliyekuwa akiendesha makavazi tangu 1968, hakupatana naye kwa miaka kadhaa.

Mwishoni mwa Septemba 1972 Richard alimletea fuvu lililopatikana na Bernard Ngeneo huko Koobi Fora, mashariki mwa Ziwa Turkana, maarufu kwa nambari 1470. Mzee alilishika mikononi kwa furaha. Ndani yake aliona uthibitisho kwamba binadamu wenye ubongo mkubwa walikuwapo zamani za kale, kama alivyodai tangu siku za Kanam. Baba na mwana waliagana wakiwa wamepatana. Siku chache baadaye, tarehe 1 Oktoba 1972, Louis Leakey alifariki jijini London kutokana na mshtuko wa moyo. Mwili wake uliletwa nyumbani, ukazikwa Limuru karibu na wazazi wake.

Taya la Kanam liko London hadi leo. Miongo mingi imepita na bado mabingwa wanapolitaja huanza kwa tahadhari. Fuvu la Rusinga liko Nairobi, ndani ya chumba cha mabaki ya thamani, umbali wa hatua chache kutoka kwa yule mzee wa sanamu anayepigwa picha na watoto. Nalo mtafiti anapolitoa sandukuni, kitu cha kwanza anachokisoma ni nambari ya eneo lilikookotwa.